Vioo Sita vya Shomari

Kabla hujanicheka, tazama kwanza mkono huu. Kovu hili linaloanzia kwenye kidole gumba na kupanda mpaka karibu na kiwiko sikulipata vitani, wala kwenye ugomvi wa kilabuni kama anavyopenda kusingizia shemeji yangu. Nililipata Kariakoo, mtaa wa Sikukuu, adhana ya magharibi ikisikika, nikivunja kwa makusudi vioo nilivyovifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Fundi mzima wa vioo, avunje vioo! Na miaka ile kioo kilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulikuwa tunaipangia foleni tangu alfajiri. Jiulize, mtu mwenye akili timamu atafanya hivyo kwa nini? Nimeshapita miaka sabini, sina faida yoyote ya kukudanganya. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinisahihisha nikikosea kisa hiki, naye hayupo tena, kwa hiyo itabidi uniamini mimi peke yangu.

Enzi hizo nilikuwa nimeajiriwa katika karakana moja ya umma, njia ya Pugu. Saa tisa na nusu nikishatoka kazini nafanya vikazi vyangu vya jioni, leo Ilala, kesho Magomeni, palipovunjika kioo ndipo ninapoitwa. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, Mkristo, na mjini nilikuwa na mwaka wa tatu tu. Nilikuwa hodari, na nilijijua kuwa ni hodari, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia. Ukitaka kunipoteza siku hizo, niulize tu swali moja kuhusu kioo. Ningeweza kukusimamisha juani mpaka ukasahau ulikokuwa unakwenda.

Jioni moja mama mmoja wa makamo akanifuata Msimbazi nilipokuwa nafunga dirisha la duka. Alijitanda kanga, uso umemchoka.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi wa vioo?"

"Ndiye mimi."

"Nina vioo sita nyumbani, vimelala uvunguni mwaka mzima. Nataka unifungie kabla binti yangu hajajifungua."

Aliitwa Bi Mwajuma. Tulipokuwa tukitembea akanieleza yote, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Vioo vilinunuliwa na mkwewe, Shomari, karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Alimwahidi mkewe, Rukia, dirisha la vioo, aweze kukaa chumbani na mwanga wake bila vumbi la mtaa. Akavipata kwa taabu, akavifunga kwenye gunia, akavisukuma uvunguni akisema mwezi ujao, mwezi ujao. Halafu ikaja homa ya siku tatu, na siku ya nne wakamzika. Sasa Rukia alikuwa katika eda, mimba yake ya miezi saba, na kwa kuwa ni mjamzito eda yake ingekwisha siku ya kujifungua.

"Chakula anakula kwa kulazimishwa," Bi Mwajuma alisema. "Dirisha lake ni la mbao. Nikilifungua, wanaume wote wa mtaa wanapita wakimtazama, na mwenye eda hakai mbele za watu. Nikilifunga, mwanangu anakaa gizani mchana kutwa. Giza lile litaniulia mwanangu, na mtoto aliye tumboni."

Nikamtoa wasiwasi. Nikamwambia mchana kioo ni rafiki wa aliye ndani: yeye atauona mtaa wote, lakini mpita njia atajiona yeye mwenyewe na mawingu tu. Akashukuru, akasema kumbe Shomari alijua alichokuwa anafanya.

Nikaingia chumbani kupima fremu, Rukia akiwa amepelekwa chumba cha mama yake. Nikaona kioo cha kabati kimefunikwa kwa kanga, tena imefungwa kwa kamba ya katani kama mzigo wa kusafirisha. Nikauliza. Bi Mwajuma akaniambia kwa desturi yao mwenye eda hajitazami kwenye kioo. Hata kile kidogo cha kuchania nywele alikuwa amekipeleka kwa jirani.

Na hapa nataka unisikilize vizuri, maana hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Pale pale, futi kamba ikiwa mkononi, nilikumbuka jambo ambalo katika nyumba ile nilikuwa nalijua mimi tu. Dirisha la vioo ni dirisha mchana. Giza likiingia nje na taa ikiwashwa ndani, kioo kile kile kinageuka, aliye ndani anajiona yeye. Yaani mama wa watu amefunga kwa kamba kila kioo cha kujitazamia, kisha ananipa kazi ya kumfungia mwanawe kingine kikubwa kuliko vyote! Nilifungua kinywa. Halafu nikakifunga. Nani mimi, kijana wa bara, nimfundishe mama mtu mzima desturi yake? Nikajiambia mambo ya dini za watu niwaachie wenyewe. Nikaandika vipimo vyangu nikatoka.

Kazi niliigawa jioni tatu, vioo viwili viwili. Dirisha lilikuwa juu ya baraza ya mbele, na kioo hufungwa kutokea nje: unakiweka kwenye fremu, unakishikilia kwa vimisumari, halafu unazungushia puti, ule udongo wa chokaa ya unga na mafuta, unaulainisha kwa kisu. Puti huchukua siku kadhaa kukauka. Kabla ya hapo ukikisukuma kioo kwa nguvu kinatoka.

Sisi mafundi wa vioo tuna tabia moja, sijui kama umewahi kuiona. Mikono inapokuwa kazini hatugeuki. Mtu akija nyuma yetu tunamwona humo humo kwenye kioo, tunaongea naye humo humo, anaondoka bila hata kuonana naye uso kwa uso. Tumezoea hivyo mpaka hatujui kwamba tunafanya.

Jioni ya kwanza, nimemaliza kioo cha pili, jua limeshuka nyuma ya nyumba, nikasikia:

"Habari za kazi, ndugu fundi?"

Nikamwona kwenye kioo. Kijana wa kama miaka thelathini, shati jeupe la mikono mifupi, peni mbili mfukoni, moja nyekundu na moja ya buluu. Nikasema nzuri, karibu ndugu. Akaniuliza kama ni kweli mchana mtu wa nje haoni ndani. Ah! Ameniuliza kioo! Nikamweleza kwamba hakuna kioo kinachopitisha mwanga wote. Kila kioo kina uchoyo kidogo, kinapitisha mwingi, kinarudisha kiasi. Ukisimama mbele yake sawasawa, kinachorudi ni kidogo, unaona ng'ambo. Ukienda ubavuni ukakitazama kwa mshazari, kinarudisha mwingi, ng'ambo inapotea. Alisikiliza kama mwanafunzi. Nilipogeuka kuchukua begi langu, hakuwepo, wala sikushangaa. Kariakoo mtu akitaka kupotea ni hatua mbili tu.

Jioni ya pili akaja tena, saa ile ile. Maswali yake safari hii yalikuwa mafupi.

"Na ni saa ngapi wa ndani na wa nje wanaonekana pamoja?"

Nikacheka, nikamwambia ndugu, wewe ungekuwa fundi. Nikamweleza: ni magharibi. Mwanga wa nje unapolingana na wa taa ya ndani, kioo hakijui kiwe dirisha au kiwe cha kujitazamia. Hapo kinakuwa vyote viwili. Uso wa aliye nje na uso wa aliye ndani vinakaa juu ya kioo kimoja, bega kwa bega.

"Kwa muda gani?"

"Dakika kumi. Pengine hazifiki."

"Na puti ikishakauka?"

"Ikishakauka hapapiti hata upepo."

Halafu akasema polepole, "Basi kabla haijakauka." Na mimi, zuzu mkubwa, nikaitikia, "Eeh, kabla haijakauka." Usiku ule nilipomsimulia mke wangu kuhusu rafiki yangu mpya mwenye akili, aliniuliza jina lake nani. Sikuwa nalo. Akaniuliza anakaa nyumba gani. Sikujua pia. Akasema, "Mtu anakuuliza dirisha la mjane linapenyeka saa ngapi, nawe unamjibu?" Nikadhani labda ni mwizi, au ni mhuni anayemtamani Rukia, nikaapa kesho nitamgeukia nimwone vizuri.

Jioni ya tatu nilifanya kazi jicho likiwa mtaani. Kila mtu aliyepita nilimtazama. Hakuna. Nikafunga kioo cha tano, nikafunga cha sita. Nikabakiza kulainisha puti ya kioo cha chini. Bi Mwajuma alisikia nyundo imenyamaza, akadhani nimemaliza, akamruhusu binti yake arudi chumbani, yeye akaenda uani kutawadha. Adhana ikaanza. Ndani globu ikawaka.

Kwa heshima sikutaka kumtazama mwenye eda. Nikajisogeza ubavuni mwa dirisha, nikamalizia kulainisha puti huku nikikiangalia kioo kwa mshazari, maana nilijua kwa pembe ile nitaona mtaa tu. Na kweli niliuona mtaa: baiskeli yangu niliyoiegemeza kwenye nguzo, ukuta wa jirani, mbuzi mmoja. Na yeye.

"Umemaliza, ndugu fundi?"

"Nimemaliza, ndugu."

"Sasa anajiona?"

"Nani?"

"Aliyemo ndani."

Bado sikugeuka. Kulikuwa na kitu kinanikera kwenye kioo, kitu cha kifundi. Zile peni. Shati lina mfuko upande wa kushoto, sivyo? Mtu akisimama nyuma yako, mkatazama kioo pamoja, kushoto kwake ni kushoto kwako, na mfuko wake utauona upande wako wa kushoto. Jaribu kwako leo utaona. Peni zake zilikuwa upande wangu wa kulia. Maana yake hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amenielekea.

Nikasogeza kichwa kidogo. Baiskeli kwenye kioo ikasogea. Ukuta ukasogea. Mbuzi akasogea. Yeye hakusogea hata unywele. Na hapo nikatambua jambo lingine nililopaswa kulitambua tangu jioni ya kwanza: sauti yake haikuwa ikitoka mtaani. Ilikuwa ikitoka mbele yangu.

Nikageuka. Mtaani kulikuwa na baiskeli na mbuzi tu. Nikarudi, nikabandika viganja pembeni mwa macho, nikagusisha paji la uso kwenye kioo kama tunavyofanya tunapotaka kuona ndani bila mtaa kutusumbua. Nikaona kitanda, kabati na kanga yake, na Rukia peke yake, amesimama katikati ya chumba. Hapakuwa na mwanamume. Rukia alikuwa anatabasamu. Hakuniona, japo nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Macho yake hayakufika kwangu, yaliishia kwenye kioo.

Nikarudi nyuma nusu hatua. Akaonekana tena, pale pale. Ila sasa alikuwa amenipa kisogo.

Niamini, nimeona maiti za ajali, nimeona mtu akianguka kutoka ghorofa ya tatu, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nilipoona mgongo wa lile shati jeupe. Aliinua mkono akauweka kwenye kioo cha chini. Rukia akasogea, akauweka wake upande wa ndani, kiganja juu ya kiganja. Puti niliyotoka kuilainisha ikaanza kupasuka yenyewe, pande zote nne. Ndani, magoti ya Rukia yakaanza kulegea. Nilimwona akishuka polepole kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Lakini kwenye kioo hakushuka. Kwenye kioo alikuwa amesimama wima, tumbo lake mbele, mkono wake mkononi mwa yule bwana, na walikuwa wanageuka waondoke.

"Dada!" nikapiga kelele. "Dada Rukia, usimtazame!"

Wapi. Nyundo ilikuwa chini kwenye begi. Sikuwa na muda wa kuinama. Nikapiga kwa ngumi. Kioo cha chini kikavunjika, na wote wawili wakaonekana kwenye cha pembeni. Nikapiga cha pembeni, wakapanda cha juu. Kila nikivunja wanahamia kingine, nami nawafuata, damu inachuruzika, nalia kwa sauti, siwaoni wapita njia wala sisikii adhana. Cha sita nilikivunja kwa kiwiko. Humo ndani nikasikia kishindo, Rukia ameanguka sakafuni.

Fikiria sasa wewe ni mtu wa Kariakoo, unapita zako kwenda kuswali, unamkuta kijana wa bara anabomoa dirisha la mjane. Utafanyaje? "Mwizi! Mwizi!" Nilikamatwa shingo, nikapigwa makofi mawili ya haja, mmoja akawa tayari ameshika tofali. Kilichoniokoa ni Bi Mwajuma. Alitoka mbio, miguu imelowa maji ya udhu, akamwona mwanawe chini akihema, akaja dirishani.

"Fundi, nimekukosea nini?"

"Mama, kulikuwa na mtu. Siku zote tatu. Shati jeupe, peni mbili, nyekundu na ya buluu."

Akawaambia wale wanaume waniachie. Akaingia ndani, akafungua sanduku lililokuwa miguuni pa kitanda, akarudi na shati jeupe lililokunjwa. Peni mbili zilikuwa bado zimo mfukoni. Aliyeshika tofali akaliweka chini taratibu, akajipangusa mikono.

Rukia alipozinduka alinitazama mimi kabla ya kumtazama mama yake. Hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira.

"Kwa nini umemfukuza?" akaniuliza. "Alisema niweke mkono tu. Alisema njia ameonyeshwa na fundi."

Nilipiga magoti barazani juu ya vipande vya vioo, nikamwambia Bi Mwajuma yote, pamoja na kile nilichokijua siku ya kupima nikakinyamazia. Alinisikiliza huku akinifunga mkono kwa kipande cha kanga. Akasema, "Ungeniambia, mwanangu. Ningekuelewa." Mpaka leo maneno hayo yananiuma kuliko yale makofi.

Rukia alijifungua salama, mtoto wa kike. Dirisha likarudishiwa mbao, na mama yake akawa anamtoa uani kila asubuhi apate mwanga, jambo ambalo lingeweza kufanyika tangu mwanzo bila fundi yeyote. Miaka ikapita, nikawa nakutana naye sokoni, ananisalimia kwa adabu na kuniuliza hali ya mkono. Hajawahi kunishukuru. Wala simlaumu.

Ufundi niliuacha mwezi ule ule. Nikaingia kuuza bawaba, misumari na vitasa, na kwenye duka langu hujawahi kuona kioo hata cha picha. Mtu akinisemesha kutoka nyuma nageuka mwili mzima, hata kama nimebeba mzigo, na wateja wanacheka. Kwenye basi jioni sikai dirishani. Watoto wangu wamejenga nyumba za vioo vitupu kutoka juu hadi chini, nikienda kuwatembelea naaga saa kumi na moja, wanadhani naringa.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: ukiona jua linazama, shusha pazia kwanza ndipo uwashe taa. Mtu akikusalimia ukiwa umeelekea kioo, geuka, mwone, ndipo uitikie. Kama ndani kuna mtu aliyefiwa, usimwache peke yake na dirisha saa hiyo. Na kama unajua jambo, liseme, hata kama ni desturi ya watu na si yako.

Mke wangu alinitoka mwaka jana, mwezi kama huu. Baada ya maziko niliingia chumbani kwetu nikang'oa vioo vyote vya dirisha, nikapigilia mbao. Watoto wanasema baba anaogopa kumwona mama. Hawanijui. Kumwona ningependa sana. Ninachoogopa ni kwamba akisema niweke mkono, nitauweka.